Baba Mkwe Wako Nipe Mimi, Wangu Chukua Wewe

Ukungu bado haujaondoka kwenye mabonde ya Nyakitonto, wilayani Kasulu, na Loyce Bihakaye amekwisha kunja mikono ya gauni. Yuko uani kwa jirani yake, anamsugua mgongo mzee Gasper kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu.

"Mwakeye, mzee," anamwamkia kwa Kiha. "Inua mkono kidogo. Siyo huo, ule mwingine!"

Mzee anacheka. Huyu si baba mkwe wake. Angekuwa baba mkwe wake, Loyce asingethubutu hata kumtazama akivua shati, maana kwa mila ya kwao mkamwana hamgusi baba mkwe. Wa kwake yuko nyumba ya tatu kutoka hapa, na saa hii hii anaogeshwa na Generosa, mkamwana wa mzee Gasper.

Wamebadilishana wazee, basi. Jambo lenyewe ni jepesi hivyo, lakini limemfanya Loyce, mkulima wa maharage mwenye umri wa miaka 44, asemwe kisimani na kanisani kama mwizi wa kuku.

"Waache waseme," anasema. "Mdomo ni wao, kidonda hakikuwa chao."

Mumewe yuko machimboni Geita. Alimwachia baba yake, mzee Ndihokubwayo, aliyepooza upande mmoja. Kwa miezi minane Loyce aliweka beseni la maji mlangoni pa mzee, akageuza uso na kuondoka. Akirudi akalikuta tupu, alimshukuru Mungu kwamba mzee ameoga.

"Kumbe alikuwa anayamwaga sakafuni ili nisihangaike," anasema. "Mkono wenyewe haushiki hata kijiko. Alinionea huruma mimi, huku mgongo wake unaoza."

Aliyekigundua kidonda ni Mudathiri, muuguzi wa zahanati, alipopita nyumba kwa nyumba. Siku hiyo Loyce alilia mpaka akachoka, kisha akaenda kwa Generosa, aliyekuwa na shida ileile. "Nikamwambia, dada, wako nipe mimi, wangu chukua wewe."

Muuguzi akawafundisha kusafisha vidonda na kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili. Seremala wa kijiji akatoboa viti vitatu, wazee wakapata pa kujisaidia bila kuchuchumaa. Leo kaya kumi na moja zinabadilishana wazee, na ratiba ya zamu imebandikwa mlangoni kwa Loyce.

Mwezi uliopita shemeji yake, Longinus, aliitisha kikao cha ukoo. Alisema wanawake hawa wanawavua nguo wazee wa watu. Loyce aache, la sivyo arudi kwao Kibondo.

Loyce hakumung'unya maneno. Aliingia ndani, akatoka na beseni la maji na sabuni, akaviweka miguuni pa Longinus.

"Shemeji, mila inanikataza mimi. Wewe ni mwanawe, haikukatazi. Maji haya hapa."

Longinus akayatazama maji. Kikao kizima kikamtazama Longinus.

Aliyesema ni mzee Ndihokubwayo mwenyewe, kwa ulimi mzito. "Nilipokuwa nanuka, mlinisalimia mkiwa nje. Aibu ilikuwa ile."

Watu wakatawanyika bila kuamua lolote. Kesho yake Generosa alikuja kama kawaida.

Sasa wanawake wa Kibondo wamemwita Loyce akawaonyeshe utaratibu huo, naye atapanda basi akishavuna maharage. Kabla ya hapo anataka watoto wa kiume waingie zamu. Wanne wamekubali.

"Mtu anamwosha ng'ombe mpaka kwato," anasema, "anashindwaje kumwosha baba yake?"

Longinus hajakubali. Hata hivyo, jina lake lipo kwenye ratiba, siku ya Alhamisi.

"Nimemwandika mimi mwenyewe," anasema Loyce. "Akija, tutamfundisha. Asipokuja, Generosa ataingia na mzee ataoga. Lakini mzee nimekwisha kumwambia Alhamisi ni zamu ya nani."