Siku Niliyokataliwa na Mjane wa Kiyeyi

Kuna watu waliokataliwa na wachumba wao, nao nawaonea huruma, lakini mimi nilikataliwa na mjane ambaye sikuwa nimemposa, mbele ya ukoo mzima wa marehemu mumewe, nikiwa nimevaa kaptula ya kaki, na hadi leo mtu akitaja Tororo mimi hutazama chini.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na kila aliyemaliza chuo kikuu alitaka isikike kwamba amejitolea ng'ambo. Wenzangu walipata kwenda mbali, wakarudi wakitamka majina ya miji kupitia puani. Mimi, ambaye kwetu ni Busia upande wa Kenya, nikapata kikundi kilichokwenda Uganda kuwajengea nyumba familia zisizojiweza, maana yake ng'ambo yangu ilikuwa mahali ambapo mama yangu alikwenda kununua ndizi na kurudi kabla chai haijapoa. (Nilimuaga kwa kumkumbatia hata hivyo. Akaniuliza kama naumwa.)

Kikundi chenyewe kilikuwa aibu nyingine. Kiongozi wetu, Gilbert, aliwahi kukaa Uingereza majuma machache akarudi hawezi tena kula ugali kwa mkono. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kujenga banda la kuku, lakini kofia tulikuwa nazo wote.

Huko Kiyeyi, kijiji cha karibu na Tororo, tulipelekwa kwa mjane aitwaye Athieno, mama wa watoto wadogo, ambaye nyumba aliyoachiwa na mumewe ilikuwa imeinama vibaya hadi akahamia jikoni na wanawe, na mawingu ya masika yalishaanza kujikusanya. Shemeji zake walikuwa wamekata miti, wamefunga nyasi, wameandaa fito. Tulipofika asubuhi tukawakuta wamesimama, majembe mabegani, hakuna anayefanya kitu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi yake. Nikawaza, wanatungoja sisi. Kisha nikawaza, tukisimama nasi watasema wasomi ni wavivu. Kisha, nikianza mimi wataona najionyesha, kisha, lakini kujionyesha kwa kazi si dhambi, na nilipomaliza kuwaza nilikuwa nimeshashika mtaimbo, nimechimba shimo pale palipowekwa alama, nimesimamisha nguzo na kuishindilia kwa buti.

Mwanamke mmoja akaanza kupiga kigelegele, akakikatiza njiani. Mimi nikampungia mkono.

Mama mkwe wa Athieno, kikongwe mwenye macho makali, akanisogelea. "Kijana, hii nguzo ni wewe nasimamisha?"

Ningeweza kusema ni sisi, ni kikundi. Nikasema, "Ndiyo, bibi. Ni mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Gilbert akapiga makofi, akagundua anapiga peke yake, akaacha.

Sasa, mtoto yeyote wa pale angeniambia kama ningeuliza: nguzo ya kwanza ya nyumba ya mjane husimamishwa na ndugu wa marehemu, na wote walikuwa wanamngoja Ofwono, shemeji mkubwa, afike kutoka kazini Tororo. Mwanamume mwingine akiisimamisha, amejitangaza kuwa ndiye mume, na ndugu hawana kazi tena hapo.

Ofwono akafika kwa baiskeli, akaitazama nguzo, akanitazama mimi, wala hakuteremka. "Nyumba imepata mwenyewe," akawaambia wenzake. "Twendeni. Bwana wa kofia atajenga."

Wakaanza kuokota mapanga yao. Athieno akatazama mawingu, kisha watoto wake, kisha mimi, na sijawahi kutazamwa vile na mtu aliye hai. Gilbert akaninong'oneza kwamba hakuna shida, tutaijenga wenyewe. Nikamwona alivyoshika jembe (kinyume), nikajua yule mama atanyeshewa hadi Krismasi.

Nikakimbilia mbele ya baiskeli nikaanza kueleza: moyo wa kujitolea, udugu wa Afrika Mashariki, umoja. Nilipofika kwenye umoja kikongwe akanikatiza.

"Wacha maneno. Kama mwanamke nakataa, nguzo natoka. Athieno, hii mutu unataka?"

Watu wakarudi. Jambo kama hilo halikosi watazamaji, hata waliokuwa kisimani walikuja mbio.

Athieno akanizunguka kama mtu anayenunua fahali mnadani. Akashika kiganja changu, akakigeuza, akawaonyesha wanawake wenzake. "Unajua kulima na ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Kuezeka?"

"Bado."

"Sasa chuo walikufundisha nini?"

"Historia."

"Ya nani?"

Nikaanza kurekebisha kofia yangu, maana jibu la kweli lilikuwa wafalme wa Uingereza.

"Mimi niko na watoto tayari," akasema. "Huyu naongeza wa nini? Nimekataa."

Mtu mwenye akili timamu angemshukuru Mungu, angeng'oa nguzo na kunyamaza. Mimi nikaanza kuwaza: kwani nina kasoro gani? Na kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu ikisema, "Lakini mama, naweza kujifunza."

Ofwono akaangusha baiskeli. Alicheka hadi akakaa kwenye nyasi. "Shemeji, muhurumie," akasema akifuta machozi. "Anabembeleza."

"Cheka huku unachimba," Athieno akamjibu. "Mvua haikungoji."

Nikang'oa nguzo yangu mwenyewe nikafukia shimo, Ofwono akachimba lake kando, na wanaume wakashusha majembe. Sisi wasomi tukapewa kazi ya kuchota maji ya kukandia udongo pamoja na wasichana, ambao kila wakinipita waliniambia, "Bwana harusi, maji yako yanamwagika." Mvua ya kwanza ilimkuta Athieno amelala ndani na watoto wake, chini ya paa ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyeligusa.

Gilbert bado huwasimulia watu kwenye karamu jinsi tulivyojenga nyumba Uganda, na hapo mimi hutoka nje. Mimi nimeapa: nikikuta watu wamesimama na majembe yao hawafanyi kitu, nami nasimama, na kama kuna kiti, nakaa.