Daktari wa Moshi na Miwani Yake

Pale gereji walimwita Daktari wa Moshi, na yeye, masikini wa Mungu, akaamini ni sifa. Alishinda amekaa kwenye kiti kilichong'olewa garini, amevaa miwani ya jua nyeusi tii ambayo hakuivua hata chini ya mabati, hata akila. Likiletwa gari linalotoa moshi, hainuki. Anaamuru liwashwe, anatupia jicho bomba la nyuma, anatoa hukumu: moshi mweusi, petroli imezidi, chujio la hewa limeziba, lisafishwe. Kwake yeye hakuna gari lililowahi kutoa moshi wa rangi nyingine. Na wateja nao, watu wazima na ndevu zao, wanaitikia.

Dada yake mdogo, dereva wa teksi, alimjua tangu enzi za kugombania blanketi, hivyo hakuwa na cha kumwogopea. Teksi ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Ilipoanza kutoa moshi aliileta, chujio likasafishwa. Akaileta tena, likabadilishwa. Moshi uko palepale, na kila akichomoa kijiti cha kupimia oili anakuta imeshuka, ilhali chini ya gari hakuna hata tone. Akamwambia kaka yake kwamba gari linaunguza oili, ringi za pistoni zimekwisha, na siku oili ikimwishia barabarani injini itanoki, ife kabisa, abaki na bodi tupu. Kaka mtu alicheka mpaka kitambi kikatikisika, akawauliza wateja waliokaa kwenye benchi tangu lini wanawake wakasoma moshi. Wakacheka naye, mabwege wale.

 Dada aliwasha teksi, akaiacha ikinguruma, akamwendea kitini na kumvua miwani mbele ya kadamnasi, kama anayempangusa mtoto kamasi.

"Haya, kaka. Moshi huu una rangi gani?"

Daktari alipepesa macho. Moshi ulikuwa wa bluu, rangi ya oili inayoungua, bluu ya shati la shule lililopauka. Aliuona, na dada yake alimwona akiuona. Macho ya kaka yakakimbilia kwenye magari yaliyojaa uani, yote aliyoyasafishia chujio, kisha kwenye benchi, ambako hakuna aliyecheka tena.

"Mweusi," akasema. "Nirudishie miwani yangu."

Yaani bora watoto wa dada yake walale njaa kuliko yeye kuonekana amekosea.  Dada alimtupia miwani mapajani, akaingia kwenye teksi, akavuka barabara hadi gereji ya pili, ile ambayo kaka yake hakuitaja bila kutema mate. Akamwomba fundi wa kule afungue injini.

Huku nyuma mteja mmoja aliinuka kwenye benchi, akaomba ufunguo wa gari lake. Akafuata wa pili. Daktari alikwishavaa miwani yake, akawaonyesha kwa kidole funguo zinakotundikwa. Hata hapo hakuinuka.