Kambare wa Marehemu Tabia

Asubuhi hiyo Mwatum alimkuta kambare anaelea tumbo juu, akapiga yowe mpaka majirani wakadhani kafiwa.

Na kweli, kwake ulikuwa msiba.

Sikilizeni, jamani. Mwaka hamsini na tano huo, mtaa wetu wa Mabawa bado nyumba za makuti. Uani kwa Mwatum kulikuwa na birika la saruji, na ndani yake kambare aliyefugwa na bintiye, Tabia. Mtoto alichukuliwa na homa, samaki akabaki. Kila alfajiri Mwatum humwinamia: "Umeamkaje, mwanangu?"

Mumewe, Soud, ndiye mlishaji. Leo nyungunyungu, kesho kamba, keshokutwa kumbikumbi, siku nyingine kipande cha ini. Alipokwenda kwao Pemba kuchuma karafuu, aliusia jambo moja tu.

"Mama Tabia, usimpe kitu kimoja kila siku. Mbadilishie."

"Nimesikia, Baba Tabia."

Kusikia alisikia. Lakini nani ana nguvu za kuchimbua nyungunyungu kila siku? Bucha lilikuwa karibu. Matumbo ya ng'ombe leo, matumbo kesho, mpaka samaki akavimba, akafa.

Mwatum alijiona muuaji. Mtoto kamkosa, na alichomwachia kakiua kwa uvivu!

Akajitanda kanga, huyoo, mpaka kwa Hatibu muuza samaki.

"Nataka kambare aliye hai."

Hatibu hakuuliza kitu. Akamchagulia mmoja wa urefu wa mkono. "Huyu atakufaa birikani," alisema, akaangalia pembeni.

Soud akarudi. Hata mzigo hajatua, yuko birikani. Akatazama weee.

Mwatum akamfuata mbio.

"Nisamehe, Baba Tabia! Nilimlisha matumbo matupu. Nimemuua samaki wa mwanetu."

Soud akaketi ukingoni, machozi yanamtoka.

"Wa Tabia hukumuua wewe. Alikufa wiki ile ya matanga. Hata mie nilimpa matumbo matupu, sikuwa na moyo wa kutafuta kingine. Nikaenda kwa Hatibu, nikanunua mwingine. Nilikuona unavyolia, nikashindwa kukwambia."

"Na siku zote hizi namsalimia?"

"Nakusikia kila alfajiri. Najificha chooni, nalia."

Mwatum alimsukuma bega kwa hasira, kisha akaketi ubavuni mwake. Wakamlilia Tabia pamoja, kwa mara ya kwanza.

Wenzangu, ukimficha mwenzio machungu kwa kumwonea huruma, mtalia kila mtu peke yake, na nyumba ni moja.

Kesho yake waliinama wote wawili nyuma ya nyumba, wakichimbua nyungunyungu.