Mpwa wa Mhunzi

Mjomba wangu alikuwa mhunzi katika shamba moja la chai ng'ambo ya Kericho, miaka ile michai ilipokuwa bado haijafika magotini. Aliagiza kwa mama nipelekwe nikajifunze kazi. Binamu zangu wawili walionitangulia walitoroka, na kwa aibu hawakurudi hata nyumbani. Mimi niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote, maana kijijini nilishachoka kuitwa mla bure.

Kisumu nilipanda treni na furushi la samaki wakavu, ambao abiria wenzangu waliwasema vibaya njia nzima. Lumbwa nilishukia kwenye ukungu na baridi iliyonifanya niwasamehe binamu zangu.

Stesheni alinipokea arap Koech, mpishi wa Bwana mwenye shamba, aliyekuja kuchukua mizigo kwa mkokoteni wa maksai. Alikuwa mchangamfu na msemaji sana. Bwana wake alitoka Ayalandi, na kila jioni akiota moto alimsimulia habari za miungu na mashujaa wa kwao.

Tulipovuka mto wa kwanza alinipa ile ya miungu waliokuja ndani ya ukungu, na mkubwa wao mwenye chungu kisichoisha chakula. Nilifurahi mno. Kisha akaanza ya shujaa.

"Alikuwa kijana mdogo tu. Siku moja akaua mpwa ya muunzi."

Nilikaa wima. Mwalimu wetu wa misheni, mtu wa pwani, alitufundisha kwamba mtoto wa dada yako ni mpwa wako.

"Kosa lake nini?"

"Alimrukia kwa mlango, meno yote nje. Kijana akapiga mpira, ikaingia mdomo, ikatokea nyuma."

"Mhunzi akasemaje?"

"Alilia! Sasa nani atalinda ng'ompe? Kijana akasema, usilie, mimi nitakuwa mpwa yako. Toka hiyo siku akakatazwa kula nyama ya mpwa."

"Kwani wengine walikuwa wanakula?"

"Lapta njaa," akasema, akawachapa maksai.

Sikuwa na hakika tena kama binamu zangu walitoroka.

"Na wewe unaenda kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa mhunzi."

"Wewe ni nani yake?"

"Mpwa wake."

Alicheka hadi akashika tumbo. "Wacha mchezo! Wewe ni mtu."

Kericho tulipumzisha maksai. Barabara ya kurudi ilikuwa pale pale mbele yangu, na niliogopa kweli kweli. Nilibaki kwa sababu moja: nikirudi, hakuna atakayeniagiza tena.

Shambani tulifika jua likishuka. Mjomba alitoka kwenye kibanda chake cha kufulia chuma, akanikumbatia mbele ya Bwana.

"Bwana, huyu ndiye mpwa wangu."

Arap Koech alitupa mjeledi chini. "Mzee, hapana! Mtoto ya tata yako unamwita mpwa?"

"Nimwite nani?"

"Mpwa ni hiyo!" Akamnyooshea kidole mbwa wa Bwana, aliyekuwa ananusa samaki wangu.

Bwana ndiye aliyeelewa kwanza, akacheka mpaka akaketi juu ya fuawe ya mjomba ya kufulia chuma. Nilipouliza, mjomba akaniambia binamu zangu wako Londiani, wazima, wanalima viazi. Nilicheka na machozi yakanitoka, kwa maana nilikuwa nimejiona nimekwisha.

"Kwetu, shujaa ilipata jina yake, Mbwa ya Mhunzi, kwa nyumba ya mhunzi," Bwana akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe utakaa?"

Nikasema nitakaa.

Krismasi nilirudi nyumbani na jembe nililolifua kwa mikono yangu. Huko shambani nilikuwa nimejifunza kuusoma wekundu wa chuma, na kumwuliza mtu ana maana gani kabla sijaanza kutetemeka. Mama aligeuza jembe huku na huku, uso umemchanua.

"Mjomba wako anakutunza?"

"Sana."

"Na watu wa huko wamekukubali?"

"Wamenikubali, mama. Hata jina wamenipa."

"Lipi?"

"Mbwa."

Mama aliweka jembe chini, akajifunga leso kiunoni, akauliza treni ya Lumbwa inaondoka saa ngapi.