Jini Yenye Nilibuni Njo Imefunga Mudogo Yangu

Admin, jina yangu uifiche sana, juu mutaa yote ya Ndosho inanijua. Mimi ni papa wa miaka makumi tano na ine, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo. Hakuna fundi mwenye kunipita: moja yangu ilibeba magunia kumi na mbili ya makala ya kupikia, na ng'ombe juu yake, freni haikukatika. Masomo niliachia primaire, mutanisamehe maandiko.

Niko na mudogo yangu mwanamuke, tumuite Furaha. Tulikomalia ku kijiji ya Kalengera. Tangu utoto haongee na watu, anarudilia tu neno ya mwisho yenye umesema. Kelele ikizidi, anaziba masikio na kuyumba-yumba. Bugali ikigusana na mboga, hakuli. Mimi ndiye nilikuwa namutengea sahani mbili.

Niko na miaka kumi, watoto wa masomo wakaanza kutuimbia njiani: "Kichaa na kaka yake! Kichaa na kaka yake!" Haya ikanikamata. Nikawaambia: "Si kichaa! Jini ya muto ilimubeba siku tatu, mimi nikaingia mu maji na panga ya papa, nikamutoa!" Tangu siku ile wakaniogopa, na mimi nikapendezwa. Kila mwaka naongeza: jini ikapata vichwa viwili, ikapata tatu. Bibi mwenye nilioa, nilimupata kwa hadisi ile. Hata kanisani niliitoa kama ushuhuda, wamama wakapiga vigelegele.

Mwaka jana mama yetu akafariki, Furaha akakuja kuishi kwangu. Mwipwa wangu, binti ya dada yetu mwingine, mwenye anasomea kuwa infirmière, muuguzi, akamuangalia siku nyingi, akaniambia: "Tonton, hii haiko mashetani. Inaitwa autisme, usonji, alizaliwa nayo." Kumbe bibi yangu alishapanga yake. Wiki ile ile, niko ku kazi, akapeleka Furaha ku chumba ya maombi ya kanisa yetu, wamutoe jini.

Nilimukuta amefungwa muguu na kitenge ku nguzo. Bugali wanamuchanganyia na mboga ya sombe. Sasa ni siku ya tano anakunywa maji tu.

"Unaona?" pasta akaniambia. "Jini inakataa chakula."

Nikapiga magoti. "Pasta, nilidanganya. Hakukuwa jini hata siku moja."

Akanishika bega. "Papa, ushuhuda wako sisi wote tuliusikia. Sasa jini inakutisha wewe, ukane."

Bibi yangu, naye alikuwa pale, akacheka: "Papa watoto, miaka yote ile, njo leo unataka kuwa mutu wa kweli?"

Nikitaka kumufungua kwa nguvu, vijana wa kanisa wananishika, wanasema na mimi niombewe. Mwipwa wangu walimufukuza ku mulango. Nilienda kwa chef wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, naye akaniambia: "Muzee, ile jini ya vichwa tatu ulinielezea wewe mwenyewe."

Ninyi wenye hamunijue, nipeni shauri: mutu mwenye amedanganya miaka makumi ine anasemaje ukweli, asadikiwe? Mujibu mbio. Leo asubui Furaha alishindwa kusimama.