Siku Tuliyopanga Mstari Kashojwa

Aliyenifundisha kukimbia alikuwa jirani yangu wa Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mjane aliyetoka Kivu ya Kusini kama mimi. Kwenye mafunzo yetu ya wanawake tulianza kila asubuhi kwa mazoezi uwanjani, vitenge tumevifunga juu ya suruali, kisha tuliingia darasani kujifunza kuendesha mkutano na kusema mbele za watu. Vijana wa bodaboda walitucheka mpaka wakachoka wenyewe. Yeye, aliyetuongoza mazoezi, alitia pamba masikioni. Mimi nilikuwa mzito na mwepesi wa kukata tamaa, basi alikuwa akikimbia nyuma yangu, akinisukuma mgongoni kwa kiganja.

Ikafika siku ya kuchagua kiongozi wa kikundi. Wagombea walikuwa wawili: yeye, na mke wa mchungaji wetu. Kura zilipigwa kwa kupanga mstari nyuma ya umtakaye. Mwalimu aliwaamuru wagombea watazame mlima, wasigeuke mpaka filimbi ilie, ili wasiwekeane kinyongo. Jirani yangu alikuwa ameniambia haogopi, maana mimi nitakuwepo.

Niseme ukweli, hata kama unanitia aibu. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, na habari za mstari niliosimama zingefika nyumbani kabla sijawasha moto. Nikapiga hesabu ya kijinga: wanawake aliowafundisha ni wengi, watamjaa nyuma, mimi mmoja nikikosekana hatajua. Nikaenda kwa mke wa mchungaji. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amepiga hesabu hiyohiyo.

Filimbi ikalia. Akageuka akitabasamu, akakuta nyasi tupu. Alitutazama mmoja mmoja, akanifikia mimi, akashusha macho. Kisha akampigia makofi mwenzake.

Asubuhi iliyofuata alituongoza mazoezi kama kawaida, akahesabu mpaka ishirini bila sauti kutetemeka. Laiti angenitukana. Mwezi haukuisha akahamia Ruti, kule Mbarara, kuuza mboga.

Ilinichukua karibu mwaka kupiga moyo konde na kumfuata. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza hali ya watoto. Nikaomba msamaha. Nikaongeza kwamba hata ningesimama kwake, angeshindwa tu. Nilidhani ninamfariji.

"Miye sikukuwa nataka kushinda, mama," alisema, mikono ikiendelea kufunga mafungu ya lengalenga, mchicha wa kwetu. "Mutu mumoja tu ilikuwa inatosha."

Aliniita mama, yeye aliyekuwa akiniita dada. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa kitenge, na hakuniuliza ninalilia nini. Mteja akaja, akamhudumia, wakacheka kidogo. Aliponirudia aliniambia kwa upole niwahi gari la Nakivale, lisije likaniacha.