Siku Tulipoamriwa Kushuka Bondeni

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, moto ulipozuka kwenye shamba la mipaini karibu na Mafinga. Nilikuwa kijana, kibarua wa kupogoa matawi ya miti. Nyapara wetu, mtu mkali, alitupanga mstari, kila mmoja na tawi bichi mkononi, akaamuru tushuke bondeni tukauzime moto.

Bonde lile lilikuwa jembamba, limejaa nyasi kavu, na upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Nilijua kabisa kwamba hapafai. Lakini aliyekuwa mbele yangu alipiga hatua, nami nikapiga, na wa nyuma akafuata. Hakuna aliyetushikia bunduki. Kila mtu alimwona mwenzake anatembea, akadhani mwenzake haogopi.

Ndipo Dada Atupele, mama mmoja wa Tukuyu aliyekuwa mwisho wa mstari, akatoka mstarini, akaweka tawi lake chini.

"Mimi sishuki, bosi. Upepo umegeuka. Tuuzuie huku barabarani."

"Shuka, la sivyo kesho usije kazini."

"Basi sitakuja."

Hakupaza sauti. Mzee mmoja Mhehe akaenda kusimama kando yake. Akafuata mwingine. Hapo ndipo na mimi nikapata nguvu ya kutoka. Nyapara alifoka mpaka sauti ikamkauka, hakuna aliyeendelea kushuka. Hatujamaliza kujipanga barabarani, moto ukaingia bondeni, ukalijaza lote. Nyapara alikaa chini.

Jioni nilimwambia Atupele kwamba mimi ni mwoga.

"Si uoga, mdogo wangu," alinijibu. "Watu wakitembea pamoja, ni vigumu mmoja kusimama. Hata mimi ningekuwa katikati ya mstari, sijui kama ningetoka."

Kazi aliipoteza kweli. Alirudi kwao kulima viazi, nasi tukabaki hai.

Mwanangu, sikukatazi kutii wakubwa. Nyumba na kazi haziendi bila utii. Ila usijisifu kwamba wewe huwezi kuburutwa. Ukiamriwa jambo ambalo moyo unalikataa, usitazame wenzako kwanza. Na wao wanakutazama wewe. Sema mapema, kwa heshima, kabla hujapiga hatua ya kwanza. Na ukimwona mwenzako amesimama peke yake kwenye haki, nenda ukasimame naye, hata kama huna la kusema.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe ulimi mpole na magoti yasiyolegea. Na siku utakayobaki peke yako, asichelewe kukuletea wa pili.